Pikapu ya zamani: jua kilicho chini ya gari kabla ya kununua oili

SWALI

Shikamoo, mzee wangu.

Mimi ni mfanyabiashara wa ndizi na ninaishi Marangu. Mwaka jana niliuziwa na baba yangu mdogo pikapu aina ya Toyota Hilux, yenye kabini moja, injini ya dizeli ya 3L na foo wili, ambayo kadi yake inaonyesha kuwa ni ya mwaka 1994. Gari hili ndilo linalobeba mikungu yangu kutoka vijijini hadi soko la Mwika na Moshi mjini, na wakati wa masika hupita njia za tope ambazo magari mengine hayathubutu kuzigusa.

Tangu nilichukue nimekuwa na shida nne. Asubuhi kukiwa na baridi gia ya pili inakwaruza na kukataa kuingia, lakini nikifika Himo inakuwa imelainika. Ninapoteremka bila kukanyaga mafuta, difu ya nyuma inavuma kwa sauti ndefu. Kwenye gurudumu la mbele la kushoto kunachuruzika uchafu mweusi mzito, na siwezi kujua kama ni grisi au ni oili. Mwisho, nikitia foo wili gari linajikaza na usukani unakuwa mgumu, hata kwenye njia ya vumbi, na wenzo haukubali kutoka mpaka nirudi nyuma kidogo.

Fundi aliyekuwa akilihudumia alijaza oili namba 140 kila mahali, akisema gari kuukuu linataka oili nzito. Fundi wa pili ameniambia oili ya difu inakula giaboksi, kwa hiyo nisithubutu kuichanganya. Wa tatu anataka niweke oili nyekundu ya haidroliki kwenye giaboksi. Muuzaji wa spea naye anasema kopo moja linatosha kwa kila kitu. Nilipomuuliza baba mdogo, alikumbuka kwamba difu ya nyuma iliwahi kubadilishwa kwa difu ya mtumba, lakini hajui ilitoka kwenye gari gani.

Naomba unielekeze: nitajuaje ni vyombo gani vilivyo chini ya gari hili, na kila kimoja kinahitaji oili gani?

Mwenye pikapu, Marangu

JIBU

Marahaba, kijana wangu. Barua yako imepangwa vizuri, na neno zito kuliko yote umeliweka karibu na mwisho, pale ulipotaja kwamba difu ya nyuma ilibadilishwa. Usinunue hata lita moja ya oili kabla hujajua difu hiyo ni ya namna gani, kwa sababu inawezekana kabisa kwamba ndiyo inayolifanya gari likajikaza unapotia foo wili, na hakuna oili duniani itakayoondoa tatizo hilo.

Tuanze na utambulisho wa gari lenyewe. Fungua boneti na utafute kibati cha chuma kilichobanwa kwenye ukuta unaotenganisha injini na kabini. Hapo utakuta namba ya modeli, na kwa maelezo yako ninatarajia isomeke LN106, yaani Hilux ya foo wili ya kizazi kilichotengenezwa kuanzia 1988 hadi 1997, ambayo ekseli yake ya mbele ni ya bomba zima na inakaa juu ya springi za majani kama ya nyuma. Linganisha namba hiyo na ile iliyogongwa kwenye fremu, upande wa kulia, karibu na gurudumu la mbele. Chini ya namba ya modeli kuna mstari ulioandikwa C/TR/A/TM, unaotaja kwa mfuatano rangi ya gari, mapambo ya ndani, ekseli na giaboksi. Katika sehemu ya ekseli, herufi ya kwanza inataja ukubwa wa kraun, ile gia kubwa ya duara iliyo ndani ya difu, tarakimu zinazofuata zinataja uwiano wake na pinioni, yaani gia ndogo inayoizungusha, na tarakimu ya mwisho inaonyesha kama difu ni ya kawaida au ni ya LSD, ile inayozuia gurudumu moja kuteleza peke yake. Sehemu ya giaboksi, kwa gari kama lako, mara nyingi huanza na herufi G.

Lakini kibati kinaeleza gari lilivyotoka kiwandani, na gari lako limeishi miaka thelathini baada ya hapo. Kwa difu ya mbele, ambayo hujasikia kwamba iliguswa, kibati kinaweza kukuongoza. Kwa difu ya nyuma hakina ushahidi wowote, na hapo itakubidi uhesabu mwenyewe kwa mkono na chaki.

Weka gari mahali tambarare, zuia magurudumu ya mbele kwa mawe au magogo mbele na nyuma, toa breki ya mkono, kisha inua gurudumu moja tu la nyuma kwa jeki na uliegemeze gari juu ya stendi imara. Usimruhusu mtu kuingia chini ya gari lililobebwa na jeki pekee. Giaboksi iwe huru. Piga alama ya chaki kwenye tairi, na nyingine kwenye propela shafti mahali inapoingia kwenye difu. Mwenzako azungushe gurudumu polepole mizunguko 20 kamili, nawe uhesabu mizunguko ya propela. Kwa kuwa gurudumu la pili limesimama chini, kraun inazunguka nusu tu ya gurudumu unalolizungusha, yaani mara 10, kwa hiyo hesabu ya propela ukiigawa kwa 10 ndiyo uwiano wa difu yako. Ukipata 41, difu ni ya 4.10, ukipata 43 ni ya 4.30, ukipata 45 na nusu na ushee ni ya 4.56, ikikaribia 49 ni ya 4.88. Uwiano wote huo umewahi kuwekwa kwenye Hilux za aina mbalimbali, na kwa nje nyumba za difu hizo zinafanana kiasi kwamba jicho halitakusaidia.

Gurudumu likikataa kuzunguka wakati lile la pili liko chini, basi huenda una LSD. Inua magurudumu yote mawili ya nyuma, yazungushe pamoja mizunguko 10, na hesabu ya propela itakuwa na maana ileile. Angalia pia karibu na kizibo cha kujazia oili, kwa sababu difu za LSD mara nyingine huwa na kibandiko kinachoonya kwamba zitiwe oili ya LSD peke yake. Onyo hilo lifuatwe, kwani difu hiyo ina sahani za msuguano ndani yake, na oili isiyo na kiambato chake huzifanya zishike na kuachia kwa mitetemo kila unapokata kona.

Sasa rudia hesabu hiyo kwa mbele. Safari hii zuia magurudumu ya nyuma, hakikisha wenzo wa transfa, chombo kinachogawa nguvu kwa propela ya mbele na ya nyuma, uko kwenye magurudumu mawili ili propela ya mbele iwe huru, na ufunge loki zilizo katikati ya magurudumu yote mawili ya mbele, zinazoyaunganisha na ekseli, la sivyo ekseli zitazunguka bure na hesabu itakudanganya. Inua gurudumu moja, lizungushe mara 20, uhesabu propela ya mbele.

Namba mbili ulizopata lazima zilingane. Transfa ya gari lako haina difu ya katikati. Ukitia foo wili, propela ya mbele na ya nyuma zinafungwa pamoja na kuzunguka kwa mwendo mmoja. Ndiyo maana foo wili ya namna hii haitakiwi kutumika kwenye lami kavu, kwa kuwa kila unapokata kona magurudumu ya mbele yanapita njia ndefu kuliko ya nyuma na vyuma vinajisokota. Kwenye vumbi na tope matairi huteleza kidogo na msokoto hufunguka. Kama kwako hata vumbini gari linajikaza, inawezekana mbele ni 4.10 na nyuma ni 4.30, jambo ambalo linatosha kukaza, au tofauti ni kubwa zaidi, jambo ambalo litavunja kitu. Kabla ya kuhukumu difu, hata hivyo, pima pia matairi: tairi mpya mbele na kipara nyuma, au saizi mbili tofauti, huleta ugonjwa wa namna hiyohiyo.

Tukija kwenye oili, ninaona kwamba kila mmoja wa washauri wako ameshika ukweli kidogo. Kwanza yatofautishe maandishi mawili yaliyo kwenye kopo. Namba kama 80W-90 au 85W-140 inataja uzito wa oili, na kipimo hicho si kile cha oili ya injini: oili ya gia ya namba 90 ina uzito unaokaribiana na oili ya injini ya namba 40 au 50. Alama ya API GL-4 au GL-5 inataja jambo jingine kabisa, yaani nguvu ya kemikali zinazokinga meno ya gia yasisagane pale ambapo shinikizo limefukuza utando wa oili.

Difu ya Hilux ina gia za haipoidi. Pinioni inakaa chini ya kitovu cha kraun, kwa hiyo meno hayasukumani tu bali pia yanaburuzana kwa ubavu, tena yakiwa yamebeba mzigo wote wa ndizi zako mlimani. Gia hizo haziwezi kuishi bila GL-5. Kemikali zake ni za salfa na fosforasi, na ndizo zinazoipa oili hiyo ile harufu kali inayokaa mikononi hata baada ya kunawa kwa sabuni. Uzito unaotakiwa kwa difu hizi, mahali popote ambapo baridi haishuki chini ya nyuzi 18 chini ya sifuri, ni namba 90. Kati ya Moshi mjini na geti la Marangu hakuna baridi ya namna hiyo hata mwezi wa Julai, hivyo 80W-90 au 85W-90 ya GL-5 inatosha mbele na nyuma. Kila difu itakunywa lita 2 na kidogo. Jaza mpaka oili ianze kumwagika kwenye tundu la kujazia gari likiwa tambarare, kisha funga.

Ndani ya giaboksi hali ni tofauti. Humo mna ringi za sinkronaiza, za madini ya shaba, ambazo kazi yake ni kuibana gia na kusawazisha mwendo wake kabla haijaingia. Ringi hizo zinahitaji kushika, na oili yenye kemikali nyingi za difu inaweza kuzifanya ziteleze. Isitoshe, salfa iliyo kali inaweza kuila shaba polepole, hasa oili ikipata moto. Fundi wako wa pili ana msingi wa kusema alilosema. Kwa haki, kitabu cha Toyota cha magari ya kipindi hicho kinaruhusu GL-4 au GL-5 ya 75W-90 katika giaboksi hizi, kwa hiyo ukiambiwa kwamba mtu ametumia GL-5 miaka mingi bila kuharibikiwa, usimwite mwongo. Ushauri wangu ni GL-4, ya 75W-90 ukiipata, au 80W-90 ukiikosa, kwa sababu inazitendea haki ringi ambazo tayari ni kuukuu na ambazo kuzibadilisha kunataka giaboksi ishushwe na kufunguliwa yote. Usigeuze tu ruhusa hiyo ukaipeleka GL-4 kwenye difu.

Oili nyekundu aliyoitaja fundi wako wa tatu, yaani ATF, oili ya giaboksi za otomatiki, ina mahali pake pia. Giaboksi ya LT77 ya Land Rover, kwa mfano, ilijazwa ATF, na kwa kuwa mafundi wengi wa Arusha na Moshi wamelelewa na Land Rover za kupeleka watalii mbugani, si ajabu mmoja wao akaichukua desturi hiyo na kuipeleka kwenye Toyota. Kwako ATF ni ya usukani wa haidroliki kama unao, Dexron II au III, basi.

Transfa ndiyo chombo kinachosahaulika kuliko vyote. Inashikana na giaboksi kwa nyuma na mtu akitazama haraka anadhani ni kitu kimoja, lakini ina oili yake, kizibo chake cha kujazia na chake cha kumwagia. Itie oili ileile ya giaboksi. Unapofungua kizibo chake cha kujazia, tazama kwa makini: oili ikimwagika kwa wingi wakati giaboksi iko pungufu, sili iliyo kati yao imechoka na giaboksi inahamishia oili yake kwenye transfa. Andaa lita 4 hivi kwa giaboksi na lita 1 na nusu kwa transfa.

Kabla ya kumwaga oili yoyote ya zamani, fungua kwanza kizibo cha kujazia. Vizibo vya magari ya umri huu huwa vimeshikwa na kutu, na ukimwaga oili yote halafu kizibo cha juu kikagoma, gari limelala hapo hapo. Kinga oili chafu kwenye beseni safi na uichunguze mchana kwenye mwanga. Unga wa kijivu laini kwenye sumaku ya kizibo ni uchakavu wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha ni meno au beringi. Chembe zinazometa rangi ya dhahabu kwenye oili ya giaboksi ni ringi za sinkronaiza zinazokwisha. Oili iliyokuwa kama chai ya maziwa imeingia maji, na kwa gari linalovuka tope la masika hilo hutokea mara nyingi, kwa sababu ekseli ya moto ikizama ghafla kwenye maji baridi hewa ya ndani hunywea na kuvuta maji kupitia sili. Oili hiyo chafu iweke kwenye dumu na uipeleke gereji wanakoikusanya. Usiimwage kihambani, maana mfereji unaopita kwako unapita pia kwa jirani aliye chini yako.

Sasa gia yako ya pili. Inakwaruza kukiwa na baridi na kulainika baada ya kilomita kadhaa, na hiyo ndiyo tabia ya oili iliyo nzito mno: ringi inashindwa kuipunguza mwendo gia iliyozama kwenye uji mzito. Namba 140 iondolewe. Kwanza, hata hivyo, jaribu klachi. Injini ikiunguruma pole pole na gari limesimama, kanyaga klachi mpaka chini, subiri sekunde chache, kisha tia rivasi. Rivasi haina sinkronaiza, kwa hiyo ikilia, klachi haiachii sawasawa, na unatakiwa kukagua kikopo cha fluidi yake, DOT 3, na silinda zake mbili. Ikiingia kimya, badilisha oili na uendeshe wiki kadhaa kabla ya kumruhusu mtu yeyote kushusha giaboksi.

Mvumo wa difu wakati wa kuteremka unanitia wasiwasi zaidi. Sauti inayotokea ukiachia mafuta na kubadilika ukiyakanyaga hutoka mara nyingi kwenye pinioni, kwa maana ya beringi zake kulegea au meno kukaa vibaya kwenye kraun, na difu ya mtumba iliyofungwa bila kupimwa huwa hivyo. Shika propela pale inapoungana na difu na uitikise juu na chini. Ikicheza, beringi zimekwisha. Nakusihi usikubali fundi akaze tu nati ya pinioni ili kuondoa mchezo huo au kuzuia oili inayovuja. Nyuma ya nati hiyo, kwenye difu nyingi za namna hii, kuna spesa inayojikunja ili kuweka mkazo kamili wa beringi, na ikikazwa kupita kiasi beringi huungua. Hapa ndipo ninapopingana kabisa na fundi wako wa kwanza: oili ya 140 ilifunika sauti ambayo ilipaswa kusikika mapema, nawe ukaendelea kubeba mzigo juu ya difu inayoumwa.

Uchafu mweusi wa gurudumu la mbele ni oili na grisi pamoja. Nyuma ya gurudumu hilo kuna tufe la chuma ambalo ndani yake mna jointi ya Birfield, inayolainishwa kwa grisi ya molibdenamu. Sili ya ndani ya ekseli ikichoka, oili ya difu hupita na kuiyeyusha grisi, na mchanganyiko hutokea nje kama lami. Pima kiwango cha oili ya difu ya mbele leo hii, maana huenda imebaki kidogo sana. Kagua pia kizibo cha kupumulia kilicho juu ya ekseli, kwa kuwa kikizibwa na tope, hewa ya moto hukosa pa kutokea na kuisukuma oili kwenye sili. Ukibadilisha sili bila kukisafisha, utarudi gereji kwa tatizo lilelile. Beringi za magurudumu na krosi za propela zipakwe grisi ya lithiamu namba 2.

Unaponunua, acha oili ya kupima inayotolewa kwenye pipa, kwa sababu huwezi kujua mna nini. Chukua makopo yaliyofungwa, yenye alama ya TBS, na usome nyuma mpaka uione GL yake: lita 6 za GL-4 kwa giaboksi na transfa, na lita 5 za GL-5 kwa difu mbili. Kwa kuwa mabaki ya 140 hayatoki yote mara moja, mwaga tena ya giaboksi baada ya kilomita kama 1,000.

Na hesabu za chaki zikitofautiana mbele na nyuma, fungua loki za magurudumu ya mbele na usiguse wenzo wa foo wili kabisa mpaka upate difu nyingine. Ukienda kuitafuta kwenye maduka ya mtumba, usitaje mwaka wa gari. Taja uwiano wa difu yako ya mbele, kisha uizungushe difu unayouziwa hapo hapo kaunta na uhesabu meno ya kraun na ya pinioni: 41 kwa 10 ni 4.10, 43 kwa 10 ni 4.30, 41 kwa 9 ni 4.56, 39 kwa 8 ni 4.88.